Yai la Ng'ombe Hukomaaje Maabarani?

Wafugaji wa Moiben, Kesses, Turbo na Ainabkoi wamezoea kuona mtungi baridi wa mbegu za fahali ukiletwa hadi bomani. Mbegu, hata hivyo, ni nusu tu ya ndama. Nusu nyingine ni yai. Fahali mmoja anaweza kuwa baba wa maelfu ya ndama kupitia mbegu zake. Kituo cha Kabete kimekuwa kikifanya kazi hiyo tangu 1946. Lakini ng'ombe wako bora wa maziwa huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na karibu nusu ya ndama hao ni madume. Mwishowe hupelekwa kichinjioni akiwa na ndama watano au sita nyuma yake, huku ovari zake zikiwa bado na maelfu ya mayai machanga.

Mayai hayo yanaweza kutumika. Somo hili linaeleza jinsi yanavyokomazwa maabarani, ili mfugaji atakayeuziwa kiinitete ajue analipia nini na kwa nini mimba hukataa kushika mara nyingi.

Mayai hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ovari za kichinjioni, ambazo huwekwa kwenye maji ya chumvi yenye vuguvugu na kufikishwa maabara katika saa chache. Ya pili ni kwa ng'ombe aliye hai: daktari huongozwa na picha ya mashine ya mawimbi ya sauti, kisha hufyonza mayai kwa sindano ndefu. Ng'ombe hubaki mzima na anaweza kurudiwa baadaye. Hata mwenye mirija iliyoziba huweza kutoa mayai.

Yai linalotolewa hivyo bado haliwezi kupokea mbegu. Huwekwa kwenye maji maalumu yenye virutubisho na homoni, ndani ya kabati la joto la nyuzi 38.5, yaani joto la mwili wa ng'ombe, kwa saa 22 hadi 24. Katika muda huo hupunguza chembe zake za urithi zibaki nusu, ili nusu nyingine itoke kwa fahali. Seli ndogo zinazolizunguka huvimba na kutawanyika kama pamba. Fundi akiona hivyo hupata matumaini, ingawa si uthibitisho.

Hapa ndipo penye shida. Kati ya mayai 10, manane au tisa huonekana yamekomaa. Yakishatiwa mbegu na kulelewa siku saba, ni matatu au manne tu hufikia kuwa viinitete vya kupandikizwa. Sababu kubwa ni kwamba kiini cha yai hukomaa upesi kuliko ute wake. Tumboni, yai hupata muda wa kujiwekea akiba ya chakula na maagizo ya siku za kwanza za kiinitete. Likifyonzwa mapema hukatizwa akiba hiyo, na yai halina pa kwenda kukopa.

Kwa hiyo watafiti hujaribu kulipa yai muda. Wengine humdunga mama homoni siku chache kabla ya kufyonza, vifuko vya mayai vikue kwanza. Wengine hutumia dawa za kuchelewesha kiini kidogo ili ute ukifikie, au huongeza vitu vya kuzuia madhara ya oksijeni. Njia hizi husaidia, ila hakuna iliyofikia kazi ya tumbo la mama.

Mfano maarufu uko hapa Kenya, Ol Pejeta, Laikipia. Tarehe 22 Agosti 2019, mayai 10 yalitolewa kwa Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki duniani. Yalisafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Cremona, Italia, inayojulikana kwa kazi ya ng'ombe na farasi. Saba yalikomaa. Viinitete vilivyopatikana vilikuwa viwili, vyote vya Fatu, aliye mdogo. Najin, aliyezaliwa 1989, aliondolewa kwenye mpango huo 2021. Umri wa mama una uzito wake, hata kwa ng'ombe.

Tukirudi bomani: kiinitete kikipandikizwa, mimba hushika takriban mara nne au tano kati ya kumi, na kilichogandishwa mara nyingi hushika chini ya hapo. Hivyo muulize muuzaji kama bei ni ya kiinitete au ya mimba iliyothibitishwa. Tofauti hiyo si ndogo. Mwombe pia rekodi za maziwa za mama na jina la fahali.

Ng'ombe wa kupandikiziwa awe na afya, amepimwa ugonjwa wa kutupa mimba, na awe anaingia joto kwa mpangilio. Yule anayerudia joto kila mara usimchague. Atakula pesa yako. Andika siku na saa alipoonyesha joto, kwa kuwa kiinitete cha siku saba huwekwa siku ya saba baada ya joto hilo. Kosa la siku mbili hupoteza kila kitu. Mimba ipimwe baada ya miezi miwili. Ndama wa maabara huwa wakubwa wakati mwingine, kwa hiyo mjulishe daktari wa mifugo mapema tarehe ya kuzaa inapokaribia.