Plastiki Inayoteleza Hulinda Tumbo la Gari

Inameni mtazame chini ya gari. Mtaona chombo cha oili ya injini, giaboksi, difu na mabomba ya breki. Hilo ndilo tumbo la gari. Watu wengi hukagua matairi, tumbo wakalisahau.

Jiwe moja likitoboa chombo cha oili, oili yote humwagika. Injini ikizunguka bila oili, vyuma husagana, hupata moto, halafu hukwama. Basi, gari limekufa njiani. Kama lilibeba mgonjwa je?

Ndiyo maana magari ya njia mbovu hufungwa bamba la chuma chini ya injini. Chuma huzuia jiwe. Lakini kina ila moja: kikikalia mwamba hukwaruzana nao, na gari hunasa.

Plastiki gani?

Huko Moab, jimbo la Utah, Marekani, watu hupanda miamba kwa magari. Baadhi yao hufunga bamba la plastiki chini ya lile la chuma. Gari likigusa mwamba, huteleza na kupita.

Plastiki hii si ya ndoo. Ni ya ukoo mmoja na mifuko ya plastiki, lakini ni imara zaidi na haiishi upesi kwa kusuguliwa. Malori mengine hutandikwa plastiki hii ndani, mchanga uteleze wakati wa kumwaga. Hata madaktari wanaitumia: mwaka 1962 Dokta John Charnley wa Uingereza alianza kuitumia katika nyonga za bandia.

Tena ni nyepesi. Bamba la mita 1 kwa mita 1, unene milimita 10, lina kilo 9 na nusu hivi. La chuma la kipimo hicho lina kilo 78 hivi.

Namna ya kuifunga

1. Acheni bamba la chuma mahali pake. Plastiki hupinda. Chuma hubeba uzito, plastiki huteleza. Vyote viwili vinahitajiana.

2. Fungeni kwa bolti. Gundi ya kawaida haishiki plastiki hii.

3. Vichwa vya bolti vizame ndani ya plastiki. Kikijitokeza kimoja tu, kitanasa kwenye jiwe.

4. Matundu ya bolti yawe marefu kidogo. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Ikibanwa sana itajikunja.

5. Acheni tundu la kumwagia oili chafu.

Tahadhari

Plastiki hii huyeyuka kwenye joto la nyuzi 135 hivi. Bomba la moshi hupata joto kupita hapo. Kwa hiyo iwekeni mbali nalo. Msifunge turubai wala nailoni chini ya gari. Huweza kushika moto.

Tope likikaa kati ya plastiki na chuma, chuma kitapata kutu. Osheni, na mara kwa mara fungueni mtazame. Plastiki ikiisha, ibadilisheni kabla jiwe halijafika kwenye chuma.

Na dereva asijidanganye. Kinga haiondoi jiwe njiani. Penye mawe apunguze mwendo, ikibidi ashuke atazame kwanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini plastiki peke yake haitoshi?
2. Kwa nini matundu ya bolti huwa marefu?
3. Gari linalobeba wagonjwa wenu, tumbo lake lilikaguliwa lini?