Kunakili Diski za Video za Familia: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Katika nyumba nyingi za Gongo la Mboto, Ukonga na Pugu, kabati la televisheni halikosi diski chache zilizoandikwa kwa mkono: Harusi, Kipaimara, Maulidi, Arobaini. Diski tupu hununuliwa kwa fedha kidogo, lakini sauti ya bibi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki haiuzwi katika duka lolote. Ndiyo maana ndugu wanapoomba kila mmoja apate nakala yake, kazi hiyo haifai kufanywa kwa haraka.

Somo hili linamweleza mlaji mambo manne: kwa nini diski inakiliwe mapema, nani mwenye haki ya kuinakili, namna ya kupatana na fundi, na namna ya kuitunza nakala.

Diski haidumu milele

Diski ya kurekodi si sawa na diski ya filamu iliyochapwa kiwandani. Ndani yake mna utando mwembamba wa rangi, na mwanga wa leza ndio unaoandika picha na sauti katika utando huo. Joto kali na jua huuharibu hata pale ambapo hakuna mkwaruzo unaoonekana kwa macho. Diski inayosita au kukwama katika deki inatoa onyo, nayo inakiliwe bila kuchelewa, maana isiposomeka kabisa fundi hana tena cha kunakili.

Nani mwenye haki ya kunakili?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi wa kazi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake isinakiliwe. Kwa hiyo, mlaji atenganishe aina tatu za diski.

Ya kwanza ni video iliyopigwa na mwanafamilia mwenyewe. Ndugu wakikubaliana naye, nakala hazina tatizo.

Ya pili ni video iliyopigwa na mpigapicha wa kukodi. Wengi hudhani kwamba aliyelipia sherehe amelipia kila kitu, lakini malipo ya kazi na haki ya kunakili ni mambo mawili. Njia salama ni kuandika tangu siku ya kwanza kwamba familia inaruhusiwa kutoa nakala kwa ajili ya ndugu, na kwamba itakabidhiwa mafaili ya video, si diski peke yake. Ikiwa sherehe imekwisha kupita, mtafute mpigapicha umwombe idhini hiyo kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Huenda bado anayo mafaili ya awali, ambayo ubora wake huzidi ule wa diski.

Ya tatu ni filamu au muziki wa dukani. Kutoa nakala za kazi hizo na kuziuza ni kosa. Bidhaa halali za filamu na muziki zilianza kubandikwa stempu ya kodi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2013. Fundi anayekuongezea filamu mpya "za bure" katika flashi yako anakuingiza katika jambo usilolihitaji.

Patana kabla ya kuacha diski

Tuchukue mfano wa mama mwenye diski moja ya harusi ya saa sita, ambaye watoto wake watatu wako Mwanza, Muscat na Marekani. Kabla hajaikabidhi diski hiyo, inafaa amuulize fundi maswali yafuatayo:

1. *Nakala zitatengenezwa kwa njia gani?* Kunakili mafaili moja kwa moja hakupunguzi ubora. Kuipiga kwa simu picha inayoonekana katika televisheni hupunguza sana.

2. *Video itaingia katika diski ngapi?* DVD ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7, ambayo hutosha takribani saa mbili za video nzuri. Ikiwa saa sita zote zimebanwa katika diski moja, picha imekwisha kupungua ubora, na nakala haiwezi kuizidi diski iliyotangulia.

3. *Nitapewa na flashi?* Nyumba nyingi hazina deki siku hizi. Omba video hiyohiyo kwa muundo wa MP4. Aliye Marekani ataihitaji zaidi, kwa kuwa deki nyingi za huko zimetengenezwa kwa mfumo wa NTSC, ilhali diski zetu hufuata mfumo wa PAL.

4. *Gharama yote ni kiasi gani, na kazi itakamilika lini?* Bei ya diski, flashi na kazi ya fundi zitajwe kila moja peke yake.

5. *Mafaili yatafutwa lini katika kompyuta yako?* Sababu ya swali hili imeelezwa hapa chini.

Majibu yaandikwe katika risiti au karatasi yenye jina la ofisi, tarehe na idadi ya diski ulizoacha. Ikiwezekana, usiiache diski iliyo ya pekee, bali subiri inakiliwe ukiwapo.

Kagua kabla ya kuondoka

Usiridhike na dakika ya kwanza. Chezesha mwanzo, katikati na mwisho wa kila nakala, maana kasoro nyingi hujitokeza mwishoni mwa diski. Ijaribu katika deki nyingine, si katika kompyuta iliyoiandika tu, kwa sababu diski ambayo fundi hakuikamilisha baada ya kuandika inaweza kukataa kusomwa kwingine. Sikiliza pia kama sauti inakwenda sambamba na picha.

Nakala zitunzwe katika nyumba tofauti

Wakazi wa Gongo la Mboto hawahitaji kuelezwa kwa kirefu jinsi nyumba inavyoweza kupotea ghafla. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha katika kambi ya jeshi yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na maelfu walizihama nyumba zao usiku huohuo. Nakala tatu zilizo katika kabati moja huweza kupotea kwa pamoja. Moja ibaki nyumbani, nyingine iwe kwa ndugu anayeishi mbali, na mafaili yawekwe katika flashi au kompyuta ya mtu wa tatu. Diski zisimamishwe wima katika jalada, mbali na dirisha, na zifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni.

Faragha ya waliomo katika video

Video ya familia ina sura za watoto, wagonjwa na wafiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa kusudi lililokubaliwa. Fundi hana ruhusa ya kuonyesha arusi yako katika matangazo yake bila ridhaa. Ndugu nao waulizane kabla ya kuirusha mitandaoni, kwani aliyekubali kupigwa picha ukumbini hakukubali kutazamwa na mji mzima.

Ukikosewa

Rudi kwa fundi ukiwa na risiti, umweleze kasoro na kumpa muda wa kuirekebisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Suala la faragha hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na la hakimiliki hupelekwa COSOTA. Popote utakapokwenda, maandishi mliyoandikiana ndiyo yatakayokusemea.

Maswali ya kujipima

1. Diski ya pekee ya familia yako ilichezeshwa lini mara ya mwisho, nayo ilicheza hadi mwisho?
2. Je, mpigapicha aliyeipiga bado anapatikana?
3. Ikiwa nyumba yako itapatwa na maji au moto leo, nakala nyingine iko kwa nani?