Pikipiki Isilale Chini: Kuegesha Same na Kwenye Milima ya Upare

Boda wa Same mjini na boda anayepandisha abiria Mbaga wanaweza kuwa na pikipiki za aina moja, lakini kila mmoja anaegesha kwa shida zake. Mjini, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kuna upepo, mchanga na lami inayolainika kwa jua la mchana. Ukishaipita Mwembe na kuanza kupanda, shida inakuwa mteremko, udongo mwekundu uliolowa na gunia la tangawizi kwenye keria. Kilele cha Shengena kiko mita 2,463, na huko juu kupata sehemu tambarare ya kuegesha ni bahati.

Pikipiki nyingi za abiria za cc 125 hadi 150 zina uzito unaozidi kilo 110 zikiwa tupu. Uzito huo ukilala chini unapinda klachi, unavunja kioo, na mtoto akiwa karibu mambo yanakuwa makubwa zaidi.

Stendi ndogo ya pembeni iko kushoto, na inashika kwa masharti mawili: pikipiki iegemee kushoto vya kutosha, na isisogee mbele. Stendi hiyo hujikunja kuelekea nyuma, kwa hiyo pikipiki ikijisukuma mbele hata kidogo, ardhi yenyewe inaikunja. Hatua zote zinazofuata zinalinda masharti hayo mawili.

Hatua ya 1: Tazama ardhi kabla hujazima injini. Chagua mahali ungali unatembea, maana kuhamisha pikipiki iliyozimwa mlimani ni kazi ya watu wawili. Epuka majani marefu yanayoficha mashimo, kingo za mitaro, na udongo uliomwagwa juzi kuziba korongo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, udongo uliokuwa mgumu jioni unaweza kuwa tope alfajiri.

Hatua ya 2: Elekeza tairi la mbele mlimani. Hapa ndipo wageni wengi wa milimani wanapokosea. Wanafika, wanasimama walivyokuja, tairi la mbele likitazama bondeni, wanapiga stendi na kwenda kunywa chai. Pikipiki hiyo inataka kwenda mbele, na mbele ndiko stendi inakojikunjia. Igeuze. Ikitazama juu, uzito unairudisha nyuma, na kurudi nyuma kunaisukuma stendi ifike mwisho wake ikaze zaidi.

Kama barabara imekata ubavu wa mlima na bonde liko upande mmoja, usiegeshe sambamba na barabara. Kushoto kukiwa bondeni, pikipiki inalala mno juu ya stendi na inaweza kuipindukia. Kushoto kukiwa mlimani, inasimama wima na itaangukia kulia kwa kuguswa tu. Igeuze pikipiki itazame upande wa juu hadi uone imeegemea kushoto kwa kiasi kile unachokizoea kwenye ardhi tambarare.

Hatua ya 3: Abiria kwanza, stendi baadaye. Abiria ashuke wewe ukiwa bado umekaa, miguu yote miwili chini, breki umeshika. Mama mwenye mtoto mgongoni mwambie, “Shuka taratibu mama, nimeshika.” Kisha sukuma stendi kwa kisigino mpaka igonge mwisho wake. Zima injini, ingiza gia namba moja, achia klachi, halafu iache pikipiki irudi nyuma kidogo mpaka uhisi injini inalizuia tairi la nyuma. Pikipiki iliyoachwa frii mlimani haijaegeshwa, imesahauliwa.

Breki ya mkono nayo unaweza kuifunga. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli upana wa vidole viwili, kizungushe kwenye mshikio wa kulia na mkono wa breki, ukaze. Madereva wengi hutembea nacho kimeviringishwa kwenye usukani. Ukilazimika kabisa kuegesha ukitazama bondeni, funga mpira huo, weka gia, na ubane jiwe mbele ya tairi la mbele.

Hatua ya 4: Ipe stendi kitu cha kukanyagia. Kikanyagio cha stendi ni kidogo kuliko kiganja cha mtoto, na kinabeba sehemu nzuri ya uzito wa pikipiki. Kwenye tope kinazama. Kwenye lami ya barabara kuu saa nane mchana kinazama pia, polepole, mpaka ukirudi unaikuta pikipiki imelala. Upareni mawe bapa hayakosekani, lakini jiwe la kuokota lina tabia ya kutokuwepo pale unapolihitaji. Kibao kigumu ni bora: mraba wa sentimita kumi hivi, unene wa kidole, tundu moja pembeni, na kamba yenye urefu wa kufika kwenye usukani. Ukiondoka unavuta kamba, kibao kinapanda chenyewe, huna haja ya kuinama. Mwisho wa kamba ufunge kwenye usukani kila unapoegesha, usije ukakiacha kijiweni.

Kibao kisiwe kinene. Kikizidi, kinainua stendi, na pikipiki inakaribia kusimama wima.

Hatua ya 5: Kata usukani kushoto, ufunge. Ukiukata kulia pikipiki inainuka kutoka kwenye stendi. Hili halichukui hata sekunde mbili.

Hatua ya 6: Upepo uje kutoka kulia. Same upepo si wa kupuuza. Tazama vumbi linakoelekea, uegeshe ubavu wa kulia ukitazama unakotoka upepo, ili uikandamize pikipiki juu ya stendi yake. Turubai lililofunika mzigo huongeza nguvu ya upepo, likunje. Pembeni mwa barabara ya Dar es Salaam kwenda Arusha kuna upepo mwingine, wa mabasi na malori. Ukisimama upande wako, ukielekea yanakoelekea magari, msukumo wao unakupiga kulia, na hiyo ni heri. Ukivuka na kuegesha upande wa pili bila kugeuza, unakupiga kushoto. Vyovyote iwavyo, toka hatua kadhaa nje ya lami.

Hatua ya 7: Mzigo. Tangawizi inayoshuka kutoka Mamba Miamba, ndizi, magunia ya mahindi: mzigo ndio unaoangusha pikipiki za milimani kuliko tope. Sababu yake watu wengi hawaioni. Ukipakia, shokapu za nyuma zinabonyea na pikipiki inashuka, lakini stendi haifupiki. Matokeo yake pikipiki iliyokuwa imelala vizuri ikiwa tupu inasimama karibu wima ikiwa na mzigo, na gunia liko juu, tayari kuivuta upande wa kulia. Kwa hiyo kibao kilichokufaa ukiwa mtupu kiondoe ukishapakia. Kwenye ardhi laini tumia bati la debe lililopondwa.

Mizigo inayoning’inia pande mbili ina kanuni rahisi: kupakia anza kushoto, kupakua anza kulia. Ukipakua kushoto kwanza, uzito uliobaki kulia unaing’oa pikipiki kwenye stendi, na wewe umesimama upande usio wake. Gunia la kulala juu ya keria lipakiwe na watu wawili, wa tatu ameshika usukani.

Wenye mizigo mikubwa wanaongeza mti wenye panda. Kata mti mgumu, panda iingie chini ya chuma cha keria upande wa kulia, mguu wake uelekee nje kidogo ya tairi. Stendi inashika kushoto, mti unashika kulia. Pima urefu pikipiki ikiwa na mzigo, siyo ikiwa tupu. Na usiuondoe mti kabla dereva hajapanda na kushika breki.

Hatua ya 8: Usiku na stendi kubwa. Stendi kubwa ya katikati inafaa usiku nyumbani, kwenye sakafu au ubao mpana, mahali tambarare. Kwenye mteremko ukitazama bondeni ni hatari kama ile ndogo, maana nayo hujikunja pikipiki ikienda mbele. Usimpandishe mtoto juu yake kucheza. Tairi moja liko hewani. Injini ikiwa imetoka kuzimwa, ekzosi ya upande wa kulia inaunguza.

Hatua ya 9: Kagua stendi yenyewe. Shika stendi uitikise. Ikicheza, bolti imelika au tundu limepanuka, na pikipiki inalala zaidi kila wiki. Springi ikilegea, stendi itaning’inia ukiwa barabarani na kugonga chini kwenye kona ya kushoto. Kwa kona za kupanda Mbaga, hilo ni jambo la kwenda kwa fundi leo. Fundi wa kuchomelea anaweza kuongeza bati kwenye kikanyagio ili kipanuke. Akitaka kuirefusha stendi, mkatalie mpaka apime pikipiki ikiwa na mzigo.

Ikiwa imeshaanguka. Zima swichi, funga koki ya mafuta, waondoe watu upande wa bondeni. Ikiwa imelalia kulia, fungua stendi kabla ya kuinua na uingize gia. Geuka uipe kiti mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha keria kwa mwingine, usukume kwa miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Ikiwa imelalia kushoto stendi imebanwa chini, hivyo mtu wa pili asimame upande wa kulia aipokee, isije ikaangukia huko tena. Usiwashe palepale kama unasikia harufu ya petroli. Kagua mkono wa klachi na pedali ya gia, angalia oili, subiri dakika kadhaa. Moshi wa buluu mwanzoni ni oili iliyopenya mahali pasipo pake wakati pikipiki imelala. Ukiendelea kutoka, usipandishe mlima na abiria, ipeleke kwa fundi.