Kope kwanza, leza baadaye

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 57, mkazi wa Mombasa. Ngozi ya kope zangu za juu imelegea mpaka imekalia nywele za kope, na chini ya macho nina vifuko na weusi usioondoka hata nikilala usiku kucha. Binti yangu anaolewa baada ya miezi 4. Dada yangu aliyeko Muscat ananiambia kuna kliniki huko itakayonipasua kope na kunipiga leza ya ngozi siku hiyo hiyo, ili niuguze mara moja tu. Niende? Na nikienda, nianze lini ili siku ya harusi niwe sawa?

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa harusi ya binti. Nakushauri usifanye vyote viwili kwa pamoja. Kope zinaweza kufanywa sasa, vipimo vikiruhusu. Leza isubiri kama miezi 6 baada ya upasuaji, na huenda ukagundua huihitaji kabisa.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko nyingine yoyote mwilini, haifiki hata milimita 1. Daktari anapopasua kope ya chini kwa nje, hukata chini kidogo ya mstari wa nywele za kope, kisha huibandua ngozi ili ayafikie mafuta yanayofanya vile vifuko. Ngozi iliyobanduliwa hivyo imepoteza mishipa midogo iliyokuwa ikiilisha kutoka chini, nayo huishi kwa damu inayopitia pembeni hadi mishipa mipya iote. Leza ya kulainisha ngozi hufanya kazi kwa kuunguza. Ile ya kaboni dayoksaidi na ile ya erbiamu huchemsha maji yaliyomo kwenye tabaka la juu mpaka tabaka hilo litoke, na joto linaloshuka chini huikaza ngozi. Ukiiunguza kwa juu ngozi iliyokwisha kupungukiwa damu kwa chini, sehemu yake inaweza kufa na kuacha kovu baya.

Hatari ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi. Joto la leza huvuta ngozi, na kovu jipya la upasuaji huvuta pia. Vikivuta pamoja, kope ya chini hushuka au hupinduka nje, hasa kwa mtu wa umri wako ambaye kano zinazoishikilia kope zimeanza kulegea. Jicho linakuwa halifungi vizuri usiku, machozi yanatiririka shavuni, na konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inakauka na kuchubuka. Konea ikipata kidonda, tumeshatoka kwenye urembo. Hapo tunapigania uwezo wako wa kuona. Kurekebisha kope iliyopinduka kunaweza kudai upasuaji mwingine, pengine hata kupandikiza ngozi. Kwa hiyo kabla ya kukubali kisu, mwombe daktari aivute kope yako ya chini kwa kidole na kuiachia. Ikirudi mahali pake papo hapo bila wewe kupepesa, ni nzuri. Ikichelewa, inahitaji kukazwa kwenye pembe ya jicho wakati wa upasuaji wenyewe.

Siwaiti watu wa Muscat matapeli. Yako mazingira ambayo kazi hizi mbili hufanywa siku moja na zikatoka salama: daktari anapoyatoa mafuta kwa kupitia upande wa ndani wa kope, bila kuigusa ngozi ya nje. Hapo ngozi bado ina damu yake yote, na madaktari wengi huipiga leza nyepesi kwenye kikao hicho hicho. Basi mwulize daktari waziwazi atakata wapi, ndani au nje ya kope. Akishindwa kukujibu kwa maneno unayoyaelewa, rudi nyumbani.

Lakini hata akipitia ndani, bado kuna suala la rangi yetu. Kipimo cha ngozi alichokianzisha daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975 leo kina ngazi 6, kutoka nyeupe sana hadi nyeusi kabisa, na wengi wetu tuko kwenye ngazi ya 5 na ya 6. Ngozi ya namna hii ikijeruhiwa hujibu kwa kumwaga rangi. Unayajua madoa yanayobaki baada ya chunusi au baada ya kurukiwa na mafuta ya kukaangia; leza nayo ni jeraha, na ikipigwa kwa nguvu huacha madoa ya aina hiyo hiyo. Mara nyingi hujitokeza wiki ya 3 au ya 4, wakati mgonjwa anadhani ameshapona, na yanaweza kukaa miezi mingi. Hiyo peke yake inatosha kuiondoa leza kwenye ratiba ya kabla ya harusi. Siku utakapoitaka, dai kwanza ijaribiwe sehemu ndogo iliyojificha, kama nyuma ya sikio, kisha isubiriwe wiki 6 hadi 8. Na kama umewahi kupata keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, sema mapema.

Tena weusi wako hatujaijua asili yake. Simama mbele ya kioo, mtu akumulike tochi kutoka mbele. Weusi ukipungua sana, ulikuwa kivuli cha vile vifuko, na vifuko vikiondoka utaondoka navyo. Ukibaki vile vile, ukiwa rangi ya kahawia ndani ya ngozi yenyewe, upasuaji hautausaidia na leza inaweza kuuzidisha. Huo hutibiwa polepole kwa losheni ya kukinga jua na dawa za daktari wa ngozi. Mkorogo wa dukani hapana, mama. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi au zebaki, huifanya ngozi iwe nyembamba zaidi na kidonda kichelewe kupona. Kama unatumia, acha, na mwambie daktari wa upasuaji bila kuona haya.

Kuhusu kope za juu, hakikisha kwanza kilicholegea ni ngozi tu. Kama jicho moja linafunga zaidi ya jingine, kope zinazidi kushuka jioni, au unaona vitu viwili viwili, tatizo linaweza kuwa la msuli au la neva, na kukata ngozi hakutaliponya. Pimwa pia presha, sukari, tezi ya shingo na ukavu wa macho. Taja kila unachomeza, pamoja na aspirini, vidonge vya kitunguu saumu na vya mafuta ya samaki, kwa sababu huongeza kutokwa na damu. Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako.

Sasa kalenda. Nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Wekundu na weusi wa michubuko huisha kwa wiki 2 hivi, na uvimbe mwingi huwa umeondoka kufikia wiki ya 6. Ningependa upasuaji uwe umepita angalau miezi 2 kabla ya harusi, na 3 ni bora. Una miezi 4, kwa hiyo ni wiki hizi zijazo au baada ya sherehe. Wanja usiuguse mpaka daktari aruhusu. Nyumba ya harusi itajaa udi; wewe kaa mbali na chetezo, kwa kuwa macho yaliyopasuliwa hukauka upesi na moshi huyawasha. Liwa na singo vipakwe mikononi na miguuni tu, visifike karibu na macho.

Ukiamua kwenda Muscat, usipande ndege ya kurudi kabla ya nyuzi kutolewa na daktari kukukagua tena. Kenya nayo ina madaktari wa macho na wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wanaoifanya kazi hii, na jina la kila daktari unaweza kulihakikisha kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Popote utakapofanyiwa, hakikisha una namba ya simu inayopokelewa usiku. Ndani ya saa 24 za kwanza damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho na kuiminya neva ya kuonea. Jicho likianza kuuma sana, likatokeza nje au kuona kukafifia, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.