Ndege Sebuleni

Mpendwa mume unayejenga mtambo wa kuigiza uendeshaji wa ndege nyumbani, pima mlango kwanza. Chumba cha rubani cha Cessna 172 kina upana wa kama mita 1. Milango mingi ya nyumba za kupanga hapa Nakuru haifiki hapo. Kijenge kwa vipande vya kufungwa kwa bolti, la sivyo siku ya kuhama utakipasua.

Kabla ya kununua mbao, chora kwa chaki sakafuni nafasi yake yote, kiti na skrini pia, mkaishi na mistari hiyo juma zima. Cherehani ya mama itakaa wapi? Watoto watalala wapi? Veranda isikushawishi: vumbi letu unalijua.

Nawe mke, usikiite takataka mbele ya watoto. Muulize faraghani kimekula fedha kiasi gani, na karo ya muhula ujao iko wapi.