Somo la Afya: Jua, Ini na Vitamini D



Karafuu mbichi haipelekwi mizanini; hukonyolewa kwanza, kisha ikaanikwa hata ikauka. Vitamini D nayo ina safari yake. Jua huianzisha katika ngozi, ini huigeuza, na figo huikamilisha. Ile anayoipima daktari katika damu ni iliyokwisha pita katika ini.

Kwa watu wenye ini lililojaa mafuta, mara nyingi kipimo hicho huwa kidogo. Sababu mojawapo ni unene, kwani mafuta ya mwili huizuia vitamini hiyo isizunguke katika damu.

Je, vidonge vya vitamini D vitaondoa mafuta ya ini? Majaribio yaliyofanywa hayakupatana, basi tusivitegemee. Mwenye upungufu apewe na daktari kwa kiasi, maana ikizidi hudhuru figo.

Lililothibitika ni kupunguza uzito. Mtu mnene wa kilo 80 akipungua kilo 6 hadi 8, mafuta ya ini hupungua sana. Yafaa tupunguze sukari na twende kwa miguu. Maradhi haya hayaumi mwanzoni. Mwenye kitambi au kisukari asingoje maumivu, na akapimwe.