Upole wa tabibu hutuliza maumivu, hauui vijidudu

MGONJWA wa mjini siku hizi ana milango mingi ya kubisha. Mkazi wa Nakwa, mjini Babati, anaweza kwenda Hospitali ya Mji iliyopo Mrara, anaweza kuingia duka la dawa, anaweza kununua dawa ya miti shamba, anaweza kwenda kusomewa, na akiwa na nauli anaweza kupanda basi hadi Arusha au Moshi kumtafuta tabibu wa tiba mbadala. Miongoni mwa tiba hizo mbadala ipo inayoitwa homeopathia, yenye vidonge vidogo vitamu na matone yasiyo na ladha kali.

Sheria ya nchi haiwakatazi watu tiba za namna hiyo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inazitambua na kuziwekea Baraza la kuwasajili watoa huduma. Kwa hiyo makala haya hayaulizi kama tiba hiyo ni halali au haramu, wala hayakusudii kumvunjia mtu heshima. Yanauliza jambo moja tu: kwa nini wagonjwa wengi wanaotoka kwa tabibu wa homeopathia husema kwa dhati ya nyoyo zao kwamba wamepata nafuu? Na je, nafuu hiyo inatosha kumfanya mtu aache dawa za hospitali?

Ndugu msomaji, swali hili si la kujifurahisha. Yuko mtu mwenye kisukari, yuko mwenye shinikizo la damu, yuko anayemeza dawa za kifua kikuu kwa miezi sita. Jibu baya la swali hili linaweza kumpeleka kaburini.

Homeopathia ni nini?

Tiba hii ilianzishwa na daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Msingi wake wa kwanza ni kuwa kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani kinaweza kumtibu mgonjwa mwenye dalili kama hizo. Msingi wa pili ni kuzimua. Tone moja la dawa huchanganywa na matone 99 ya maji au spiriti, likatikiswa. Kisha tone moja la mchanganyiko huo huchanganywa na matone mengine 99, na kuendelea hivyo hivyo.

Hebu tupige hesabu. Ikifika hatua ya 8, tone lile la mwanzo ni kama limetumbukizwa katika maji mengi kuliko ya Ziwa Babati. Ikifika hatua ya 10, ni kama limetumbukizwa katika maji yanayozidi ya Ziwa Victoria lote. Na dawa nyingi za homeopathia hupelekwa mpaka hatua ya 30! Wanakemia wanasema kuwa baada ya hatua ya 12 hivi, ni vigumu kutarajia kuwa imebaki hata chembe moja ya dawa iliyowekwa mwanzo.

Ndiyo maana mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia, baada ya kupitia tafiti nyingi, lilisema halikuona ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathia inautibu. Mwaka 2017 huduma ya afya ya taifa ya England ikawashauri madaktari wake waache kuziandika dawa hizo.

Hapo wengine wangefunga mjadala na kusema wagonjwa wanadanganywa. Lakini hapo ndipo penye somo. Wagonjwa wale hawasemi uongo. Wamelala usingizi, maumivu yamepungua, wamerudi kazini. Kama kidonge hakina kitu, nafuu hiyo imetoka wapi?

Dawa ilikuwa kwenye mazungumzo

Watafiti wa Southampton nchini Uingereza walilifuatilia swali hilo kwa wagonjwa 83 wa baridi yabisi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Wagonjwa hao waliendelea na dawa zao za hospitali. Baadhi yao walikaa na tabibu wa homeopathia, wakasikilizwa na kuhojiwa kwa kirefu kama ilivyo kawaida ya tiba hiyo. Wengine walipewa dawa bila ya mazungumzo. Na katika kila upande, wapo waliopewa dawa ya homeopathia na wapo waliopewa kidonge kitupu bila ya kujua.

Ikaonekana kuwa waliokaa na tabibu walipata nafuu, sawasawa wawe wamemeza dawa au kidonge kitupu. Dawa yenyewe haikuongeza kitu. Kilichosaidia ni mazungumzo.

Watafiti wa Marekani walifanya jambo kama hilo mwaka 2008 kwa watu 262 wenye maradhi ya tumbo ya muda mrefu, yale ya kujaa gesi, kuumwa na kuharisha bila ya kuonekana kidonda. Kundi la kwanza liliwekwa lisubiri tu. La pili lilichomwa sindano za uongo, zisizoingia mwilini, na mtu asiyezungumza sana. La tatu lilichomwa sindano zile zile za uongo, lakini na tabibu mchangamfu, mwenye kuuliza, kusikiliza na kutia moyo. Baada ya wiki tatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28 katika kundi la kwanza, asilimia 44 katika la pili, na asilimia 62 katika la tatu.

Msomaji aone tofauti iliyopo kati ya 44 na 62. Sindano ni zile zile, na zote za uongo. Kilichoongezeka ni ubinadamu.

Sasa linganisha na hali ilivyo kwingi. Tabibu wa homeopathia, mgonjwa akija mara ya kwanza, huweza kukaa naye saa nzima au zaidi akimuuliza usingizi wake, hofu zake, chakula anachokipenda, na kama maumivu huzidi wakati wa baridi. Kwa upande wa hospitali, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa katika nchi zenye karibu nusu ya watu wote duniani, daktari wa ngazi ya msingi hutumia dakika tano au pungufu kwa mgonjwa mmoja. Mtu anapanga foleni tangu alfajiri, kisha anaandikiwa dawa hajamaliza kueleza linalomsumbua. Je, tunashangaa akimkimbilia anayemsikiliza?

Kikombe cha Loliondo

Sisi Watanzania tuna mfano wetu mkubwa zaidi, nao haukuhusu vidonge vya Ulaya. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, maarufu kwa jina la Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikwenda maskini na matajiri, viongozi na raia, Wakristo na Waislamu. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni.

Tukiacha mambo ya imani ya mwenye kikombe, hebu tutazame jinsi mambo yalivyopangika. Mgonjwa alisafiri mbali na kwa taabu, na mtu hapendi kuona taabu yake imepotea bure. Alikutana na mzee mpole asiyemtoza fedha nyingi. Alikuwa katikati ya maelfu wenye matumaini kama yake. Na aliambiwa kuwa dawa haifanyi kazi mpaka itolewe na Babu mwenyewe kwa mkono wake. Yaani uhusiano wa mgonjwa na mganga ulifanywa kuwa ni sehemu ya dawa.

Wengi walirudi wakisema wamepona. Lakini wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na wapo walioacha za kisukari, kwa kuwa walijisikia vizuri. Virusi havikujua kuwa mwenyewe anajisikia vizuri. Baadhi ya watu hao walirudi hospitali wakiwa taabani, na wengine wakafa. Mwasapile mwenyewe alifariki mwaka 2021, na foleni zile zilikuwa zimekwisha miaka mingi kabla.

“Sijambo” ya mgonjwa

Kuna tabia yetu moja inayozidisha tatizo. Lugha yetu ina adabu nyingi. Muulize mgonjwa mwenye homa kali “Hujambo?” atakujibu “Sijambo.” Muulize hali, atasema “Alhamdulillah.” Ni adabu njema na ni kumshukuru Allah katika kila hali. Lakini mgonjwa huyo huyo, akiulizwa na tabibu aliyemfanyia wema, ataona haya kusema kuwa hajaona mabadiliko. Tabibu naye atahesabu kuwa huyo kapona, na atawasimulia wengine.

Tena maradhi mengi ya maumivu yana kupanda na kushuka. Mtu huenda kwa tabibu siku goti lilipozidi kabisa. Wiki mbili baadaye lingepungua hata kama asingekwenda popote, lakini sifa itaangukia dawa ya mwisho.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2011, uliwahusu wenye pumu. Walipovuta dawa halisi ya kufungua kifua, nguvu ya mapafu yao iliongezeka kwa asilimia 20. Walipovuta dawa ya uongo, iliongezeka kwa asilimia 7 tu, sawa na walipokaa bila ya tiba yoyote. Lakini walipoulizwa wanavyojisikia, waliovuta dawa ya kweli walisema nafuu ni asilimia 50, na waliovuta ya uongo wakasema 45. Ulimi ulisema karibu nimepona, na mapafu bado yamebana! Mwenye pumu anayeridhika na hisia hiyo anaweza kufa usiku.

Ndipo tunapopata mpaka ulio wazi. Matumaini ya mgonjwa na upole wa tabibu vina nguvu ya kweli juu ya maumivu, usingizi, wasiwasi, uchovu na tumbo linaloumwa kwa mawazo. Havina nguvu ya kuua kijidudu cha malaria, cha kifua kikuu, au kirusi cha UKIMWI, wala havishiki nafasi ya insulini.

Wanazuoni waliliona

Jambo hili si geni katika turathi yetu. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 925, alifundisha kuwa tabibu amtie mgonjwa matumaini ya kupona hata kama yeye mwenyewe hana hakika, kwa sababu mwili hufuata hali ya nafsi. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alipoorodhesha mambo ambayo tabibu hodari huyazingatia, aliweka humo kumfanyia mgonjwa upole kama anavyofanyiwa mtoto.

Lakini huyo huyo al-Razi hakutosheka na matumaini. Alipotaka kujua kama kutoa damu kunasaidia wenye homa ya ubongo, alilitoa damu kundi moja na kuliacha jingine kwa makusudi, ili alinganishe. Alijua kutia moyo, na alijua kupima. Sisi tumekichukua kimoja tukakiacha kingine: kwa baadhi ya waganga tunapata moyo bila kipimo, na kwa baadhi ya hospitali tunapata kipimo bila moyo.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba na akatufundisha kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila ya ponyo lake. Na pia mafundisho yake yanambebesha dhamana mtu anayejitia utabibu bila ya kujulikana kuwa ana elimu hiyo. Tawakkul haimzuii mtu kupima.

Tufanye nini?

Kwanza, mgonjwa asiache dawa ya hospitali kwa sababu tu anajisikia vizuri. Aende akapime. Sukari ina kipimo chake, presha ina kipimo chake, makohozi yana kipimo chake. Kama tiba mbadala imemponya, kipimo kitasema, na daktari ndiye atakayeamua kupunguza dawa.

Pili, mgonjwa amwambie kila tabibu dawa zote anazotumia, wala asione haya kusema “sijapata nafuu.” Kusema hivyo si utovu wa adabu. Ni amana.

Tatu, anayekwenda kwa tabibu wa tiba mbadala aulize kama amesajiliwa na Baraza. Na tabibu yeyote, awe na koti jeupe au kanzu, anayemwambia mgonjwa atupe dawa za UKIMWI, kifua kikuu au kisukari, huyo akimbiwe hata kama maneno yake ni matamu kama asali.

Nne, madaktari na wauguzi wetu wajue kuwa kumtazama mgonjwa usoni, kumwita kwa jina lake na kumwacha amalize maneno yake ni sehemu ya tiba, na haina gharama ya bohari. Wanaolalamika kuwa watu wanakimbilia waganga waanze kujiuliza wanawapokeaje wanapokuja.

Tano, sisi majirani na waumini msikitini tuwazuru wagonjwa wetu. Ule upole ambao watu wanasafiri mbali kuununua, mwingi wake uko mikononi mwetu. Mzee wa Nakwa anayesikilizwa na watoto na majirani zake atameza dawa zake kwa moyo mkunjufu, na hatakuwa na haja ya kumtafuta mgeni wa kumsikiliza kwa malipo.

Wabillahi tawfiq.